Kiboko Aliyeumwa Kichwa Mara Tatu

"Ngano jamani, ngano!"

"Imwage tuioge!"

"Vichwa vyenu vizima?"

"Vizima!"

"Na anayeumwa?"

"Alegeze kamba!"

Haya. Wewe Siwatu uliyejifunga leso kichwani tangu asubuhi, sogea karibu, maana hii ni yako.

Hapo kale jua liliwaka, likawaka, likawaka tena. Mito ikakauka, visima vikakauka. Likabaki bwawa moja tu, nalo akalishika Kiboko. Mchana kutwa alisimama ukingoni, juani, kinywa wazi. Akija Swala, "Haaaa!" Akija Nyani, "Haaaa!" Hata akija Tembo, "Haaaa!" Meno yake yalikuwa kama michi, basi kila aliyekuja alirudi. Na ajabu kubwa, yeye mwenyewe maji yale hakuyanywa. Aliogopa yataisha. Sijapata kuona ubahili wa namna ile, na mimi nina mashemeji wengi.

Sasa Kalunguyeye, yule mama mdogo wa miiba, alikuwa na watoto watatu shimoni. Wawili walilia maji. Wa tatu, kitinda mimba, alikuwa ameacha kulia. Amelala tu, ulimi nje, macho makavu. Kalunguyeye akamtazama, moyo ukampasuka. Akajua bila maji mtoto yule hafiki kesho. Akatoka, tiki tiki tiki, mpaka bwawani.

Akamkuta Kiboko anaguna, "Ng'ooo! Ng'ooo!" Kajifunga kamba ya mti kichwani, kaikaza mpaka masikio yamesimama.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Sina maji."

"Sijauliza maji. Nauliza kichwa."

Kiboko nusura alie. "Mpwa wangu, kichwa! Nyani kaniambia nikaze kamba, nimekaza. Kobe kaniambia nizidi kukaza, nimezidi. Na chenyewe kinazidi!"

"Mimi nitakutibu."

"Ukinidanganya, nakukanyaga." Akainua mguu kumwonyesha.

Kalunguyeye alikuwa na uongo wake mzuri sana, aliutengeneza njiani. Lakini aliutazama ule mguu, mpana kama kinu, akaona bora auache. Akaamua kusema kweli tupu. Ilimsikitisha, lakini akaamua.

"Mjomba, kichwa hakiumi kwa namna moja. Nijibu. Kimekuja ghafla, kwa kishindo?"

"La, pole pole."

"Una homa, shingo ngumu? Mdomo umekwenda upande? Mkono umelegea? Umeangukiwa na tawi?"

"La. La. La. Wala."

"Afadhali. Ungeniambia ndiyo, nisingekugusa, ningekukimbiza kwa mabingwa. Haya, kinaumaje?"

"Kinabana. Kinabana paji, kinabana kisogo, kinabana pande zote."

"Hicho ni cha uchovu na kiu. Umesimama juani, shingo umeikaza, maji hunywi, halafu umejifunga kamba juu yake! Legeza kamba. Kunywa maji. Kaa kivulini."

Kiboko akalegeza kamba. Akanywa, gwa gwa gwa. Akasogea kivulini hatua tano. Na pale alipokuwa amesimama ukabaki upenyo mdogo, saizi ya kalunguyeye. Kalunguyeye akawaita watoto wake wawili, wakapita, pya pya pya, wakanywa. Wa tatu mama akampelekea maji shimoni kwa jani, akamdondoshea ulimini, tone moja, tone lingine. Jioni akafumbua jicho moja.

Lakini kichwa kilipopoa, Kiboko akarudi ukingoni pale pale. Kinywa wazi. "Haaaa!"

Siku ya pili, "Ng'ooo! Ng'ooo!"

"Shikamoo mjomba. Leo je?"

"Leo si kichwa, ni uso. Hapa karibu na sikio. Nikifungua kinywa, kach! Nikifunga, kach! Mpaka kwenye panja panauma."

Kalunguyeye akamchungulia kinywani. "Jino bovu huna. Hilo ni taya, mjomba. Mchana kutwa umelipanua kutisha watu, usiku unasaga meno, nakusikia mpaka shimoni kwangu. Lipumzishe. Kula laini. Bandika tope lenye vuguvugu hapo shavuni. Na kinywa ufunge!"

Kiboko akafunga kinywa, akabandika tope. Akaja Swala. Kiboko akataka kumfokea, akakumbuka taya. "Mmmh! Mmmh!"

"Ahsante mjomba," Swala akasema, akanywa.

Akaja Nyani. "Mmmh! Mmmh!"

"Na wewe pia, mjomba, uwe na siku njema." Akanywa na kujaza kibuyu.

Kiboko hasira zikampanda, akakosa pa kuzitolea. Usingizi hakupata, chakula hakula. Basi siku ya tatu alfajiri hata hakuguna. Alinong'ona.

"Mpwa... upande mmoja tu. Kinapwita, pwi! pwi! pwi! Mwanga unanichoma. Sauti ya nzi naisikia kama ngoma. Nataka kutapika."

"Pole sana mjomba. Hicho sasa kipandauso. Nenda pangoni, kwenye giza. Lala. Nikuwekee jani la maji baridi. Asiseme mtu, mpaka kikuache."

Akampeleka pole pole, akamlaza. Halafu akatoka nje, akawatangazia wanyama wote kwa sauti ya chini, "Mgonjwa amelala. Kunyweni, lakini kimya."

Msitu wote ukaja. Tembo kwa ncha za vidole, nyatu, nyatu. Twiga akanywa bila kukohoa. Nyani wakazibana midomo kwa mikono. Kitinda mimba naye akaletwa, akanywa, akanywa, akashiba. Na aliposhiba, akapata machozi. Akafungua kinywa akalia, "Nyeeeeee!"

Kalunguyeye akafurahi mpaka miiba ikamlala. Kisha ikamsimama yote kwa hofu.

Kiboko akatoka pangoni, kutu! kutu! kutu! Akaliona bwawa limeshuka nusu. Akaona midevu yote ya msituni inadondosha maji.

"Umenidanganya!" Akainua mguu juu ya Kalunguyeye na mwanawe.

Kalunguyeye akamfunika mtoto kwa tumbo. Akauliza, "Mjomba, kichwa kinauma?"

Mguu ukabaki juu. "Hakiumi."

"Taya?"

"Haliumi."

"Ulisema nikikudanganya unikanyage. Basi uongo ni upi?"

Kiboko akafikiri. Akafikiri kwa miguu mitatu mpaka ikamtetemeka. Uongo hakuupata. Akauteremsha mguu pembeni, pole pole.

"Na nikisimama tena juani kulinda?"

"Vyote vitatu vitarudi, mjomba. Kweli tupu."

Kiboko akaingia majini, mbumbu! akabakiza macho na masikio. Yumo hadi leo. Ukienda kuteka maji hakuulizi kitu, anapiga mwayo tu, anapima taya.

Na funzo, watoto wangu, ni hili: msiseme kweli. Kweli ni kitu cha hatari, mmeona ilivyomaliza bwawa la watu. Mgonjwa wa kichwa akija kwenu, mwambieni akaze kamba.

Ngano nimeifunika hapo, mwenye kiu aifunue. Siwatu, leso iko wapi?

"Nimeikalia!"

Na anayeumwa?

"Alegeze kamba!"

Watoto wabishi nyie.