Mfereji Katikati ya Maharage

Wapendwa, kaeni papo hapo mlipo, lakini nipeni masikio yenu twende milimani kidogo. Huko juu ukungu hukawia kuondoka, na maji ya shamba hushuka kwa mifereji iliyochimbwa na mababu. Kila nyumba ina zamu yake. Kuiba zamu ya mwenzako ni kumwibia chakula cha mwaka mzima.

Kulikuwa na mama mmoja mjane. Miaka miwili nyuma, wakati anamuuguza mumewe, jirani wa shamba la chini alipanda kwenye mfereji mkuu, akaziba mlango wa maji wa yule mama, akayageuzia kwake. Maharage ya mama yakakauka yakiwa kwenye maua. Mume akazikwa msimu uleule, ghala tupu, na waliokuja msibani wakanywa uji wa unga waliobeba wenyewe. Wazee wa mfereji walipomwita jirani, akaapa hajui lolote. Tangu hapo hawakuamkiana.

Mwaka huu udongo wa mlimani uliporomoka, ukaufukia mfereji wa jirani. Mahindi yake yakaanza kujikunja majani. Mkuki kwa nguruwe, wapendwa! Njia pekee iliyobaki ilikuwa kukatiza shamba la mjane, tena katikati, maana pembeni kote ni mwamba. Na maharage ya mama ndiyo kwanza yalikuwa yanatoa maua.

Mchana mmoja mama alijilaza kwenye kibanda chake cha shambani, usingizi mwepesi ukamchukua. Akaona maji yanakuja polepole, meupe kama ukungu, yakasimama mpakani na kupiga hodi. Akafungua kinywa aseme karibu, ulimi ukawa mzito. Maji yakaanza kurudi kinyumenyume, yakipanda mlima bila sauti. Akahuzunika sana humo ndotoni, wala hakujua kwa nini. Alipozinduka, jirani alikuwa amesimama mpakani, kofia mkononi.

"Mama Nakiete," akasema, macho chini, "ule mfereji wako niliuziba mimi. Nikaapa uongo mbele ya wazee. Sina uso wa kukuomba kitu, ila mahindi yakifa, watoto watakula nini?"

Mnadhani moyo wa mama ulilainika? Thubutu! Ulimwaka. Aliukumbuka ule uji wa msibani. Kisha akainuka, akachukua jembe, akaingia katikati ya maharage yake na kuanza kuchimba. Maua yakaanguka. Machozi yalimtoka waziwazi, wala hakuyafuta.

Jirani akavuka mpaka mbio. "Lete jembe, mama! Mkosaji ni mimi, acha nichimbe mimi."

"Rudi nyuma, Baba Mbonea," mama akajibu. "Ukilikata wewe shamba hili, utakuwa umeniharibia mara ya pili. Nikilikata mimi, nimekupa."

Jioni maji yakapita pale katikati, taratibu, yamebeba maua meupe ya maharage mpaka kwenye mahindi ya yule aliyeiba. Jirani akapiga magoti kwenye tope, akalia kwa sauti, na mama akamwacha alie.

Je, mmemtambua huyo mama? Sisi tumezoea kusema kwamba askari ndio waliomnyang'anya Bwana wetu uhai wake. Wapi! Hakuna aliyemnyang'anya. Jembe alilishika mwenyewe. Hakutafuta njia ya pembeni, maana haikuwepo. Alikubali kukatwa katikati ili maji yatufikie sisi, wezi wa shamba la chini, tulioapa kwamba hatujui lolote.

Basi leo tuulizane, bila kutupiana macho, maana naona kuna waliokwisha kuwageukia jirani zao. Sisi tukisema "nimeshamsamehe", tunataka msamaha upite kando kando, usiguse kitu chetu. Heshima yetu ibaki, haki yetu ibaki, na ile hadithi ya tulivyokosewa tuendelee kuisimulia. Tunasamehe, na maharage yetu yamesimama yote, hakuna hata ua moja lililoanguka. Ndugu zangu, hapo tumemsamehe nani?