Mchanga Mwekundu wa Kivuma

Kabla Mto Nasuro haujafundishwa kona, maji yalishuka moja kwa moja kutoka Mlima Ikongwe hadi mbuga ya Kivuma, yakapita karibu na mlango wa mfinyanzi aliyeitwa Nakijwa. Alizaliwa mlimani, akaolewa mbugani. Udongo wa mbuga ni mweusi, na chungu kisichotiwa mchanga hupasuka motoni. Yeye alichota mchanga wake mtoni.

Mwaka mmoja watu wa mlimani walichimba ndiva, yaani bwawa la kumwagilia mashamba, wakaugeuzia mto humo. Kivuma ikakauka. Ng'ombe wakaanguka, na mtoto mchanga wa Nakijwa akanyonya ziwa tupu. Nakijwa akapanda kwa kaka yake Mshitu, mkuu wa ndiva.

"Dada," Mshitu alimwambia mbele ya wazee, "mto huu haujapata kufika Kivuma. Nyinyi mlikunywa mvua."

"Niliuoga huko Kivuma siku ya harusi yangu, kaka."

"Siku ya harusi bibi arusi huoga jasho."

Wazee wakacheka. Nakijwa akainuka. Alirudi Kivuma, akachota mchanga kwenye lundo lililoachwa na mto, akapanda tena. Mbele yao aliuzungusha ndani ya kibuyu kilichokatwa, chenye maji kidogo, hata mchanga mwepesi ukamwagika wote. Chini zikabaki punje nyekundu kama jicho la njiwa. Kila mzee alizijua. Hazikuwako popote ila kwenye genge lililo nyuma ya nyumba ya marehemu baba yao, Sekiete.

"Nani alizibeba hadi kwetu?" akauliza.

Mshitu alizigusa kwa kidole.

"Kweli, ni zetu," akasema. "Basi na nchi iliyolaliwa na mchanga wetu ni yetu. Mkitaka maji, mtatulimia."

Wazee wakaitikia. Nakijwa alikuwa ameutafuta ushahidi kwa mikono yake mwenyewe, na hakuwa na namna ya kuukana.

Watu wa Kivuma wakalima ili wapate maji, lakini mto wenyewe haukurudishwa. Mtoto wa Nakijwa hakuyaona mavuno ya kwanza.

Ndiyo maana hadi leo lundo lile limelala peke yake katikati ya udongo mweusi, bila mto. Na wafinyanzi wa Kivuma, kabla ya kufinyanga, huosha mchanga na kuzitoa punje nyekundu zote, hata moja isibaki. Mgeni akiuliza mchanga huo umetoka wapi, humjibu, "Tuliukuta."