Ufunguo wa Gereji ya Mzee Shekolowa

Hapo zamani, enzi ambazo injini ilipimwa kwa sikio wala si kwa kompyuta, mzee Shekolowa alikuwa na gereji Tanga. Macho yake yalianza kufifia, basi akawaita mafundi wake watatu, Kihiyo, Zuhura na Mhina. Akasema, "Hili gari la wazazi linazima njiani. Atakayeliponya nitamwachia ufunguo wa gereji."

Gari lenyewe lilipeleka waja wazito hospitali. Kila likifika mlimani lilitetemeka, likazima. Msicheke, maana mwanamke mmoja alishajifungulia kando ya barabara.

Zuhura na Mhina walitaka kufumua injini yote. Kihiyo akasema, "Subirini." Akaweka ncha moja ya mpira wa maji sikioni, nyingine akaisogeza huku na huku juu ya injini, akasikia mluzi mwembamba. "Injini ni nzima. Kuna mahali inavuta hewa pasipotakiwa. Wapi, sijui."

Zuhura akaazima chetezo kwa mke wa mzee. Akakifungia ndani ya debe, akapuliza moshi wa udi kwa mpira mpaka kwenye koo la injini, pale inapovutia hewa. Gereji ikanukia kama nyumba ya harusi. Moshi ukachungulia kwenye ufa chini ya bomba la hewa, akauziba. Injini ikatulia. Wakapeana mikono, masikini, maana ilipopata moto ikatetemeka tena.

Hapo Mhina akainamisha kichwa. "Gasketi niliyoweka mwezi jana kuziba maungio ya bomba la hewa si gasketi. Dukani ilikosekana, nikakata boksi la sabuni. Injini ikipoa linabana, ikipata moto linaachia. Moshi ulipulizwa injini ikiwa baridi, usingelifichua." Akaenda kutafuta gasketi ya kweli, akaifunga. Gari likapanda mlima kimya.

Kihiyo akasema, "Bila sikio langu, mngekuwa bado mnaokota vipande vya injini."

Zuhura akasema, "Wewe ulisikia tu. Mimi nilionyesha. Nani mwingine angewaza kuifukiza injini udi?"

Mhina akasema, "Mimi sidai kitu. Ila ningenyamaza, gari lingezima tena na asingejua mtu."

Mzee akamtazama. "Na kama ungesema tangu asubuhi, mwanangu?"

Mhina akaanza kukusanya spana. Mzee akabaki na ufunguo mkononi, na mimi simlaumu.

Haya, ninyi mnaonisikiliza. Binti yako ameshikwa na uchungu, yumo ndani ya gari lile, na mlima uko mbele. Je, ungetaka ufunguo uwe kwa nani: aliyesikia, aliyeonyesha, au aliyeharibu kisha akasema?