Vazi la Korongo

"Aliyebaki naye ana kimo chake." Neno hilo mmelisikia jana msibani, wajukuu zangu, na mnashangaa limetoka wapi, kwa kuwa pale hapakuwa na mtu aliyekuwa akipimwa. Methali hii ilianzia hapa hapa milimani kwetu Upareni, katika shule niliyokuwa nikifundisha, nami nilikuwepo.

Kila mwaka, siku ya kufunga shule, watoto waliigiza mbele ya wazazi, na kila mzazi alimtafutia mwanawe maleba, yaani mavazi ya igizo. Wengi waliwafunga watoto kanga kiunoni, yakaisha. Mama mmoja aliyeitwa Nasemba alishona. Chandarua kikuukuu kwake kilikuwa mabawa ya nyuki. Gunia alilichemsha kwa maganda ya vitunguu likawa ngozi ya simba, na manyoya ya shingoni akayatengeneza kwa katani. Alikuwa na mabinti wawili, Nakundwa na mdogo wake Mbazi, waliopishana miaka mitatu. Aliwasimamisha mlangoni akawapima kwa kamba, mmoja baada ya mwingine, huku wakisukumana na kucheka.

Mwaka mmoja wa mvua nyingi Nakundwa alishikwa na homa ya uti wa mgongo. Jumatatu aliumwa kichwa, Alhamisi tukamzika. Alikuwa na miaka kumi na mmoja.

Nasemba hakulia mbele za watu. Alirudi shambani, akapika, akafua. Lakini mara nyingi alimwita Mbazi kwa jina la dada yake, naye Mbazi aliitika bila kumsahihisha.

Mwisho wa mwaka nilimchagua Mbazi aigize korongo. Habari ile ilimfanya Nasemba atabasamu, jambo ambalo hatukuwa tumeliona tangu msiba. Alishona kwa wiki tatu, shuka nyeupe na manyoya ya kuku, akiyatia moja moja kwa sindano. Nilipopita kwake nilimuuliza kama mtoto amekwisha kulijaribu.

"Vipimo vyake ninavyo, mwalimu," alinijibu.

Nikamuaga, nikaenda zangu.

Siku ilipofika Mbazi alikuja amelivaa. Mikono ya vazi ilifunika vidole, pindo liliburuta chini. Nilitambua mara moja vile vilikuwa vipimo vya nani. Ningeweza kulikunja na kulitia pini, lakini nilimtazama mama yake usoni, nikaogopa kuugusa mshono wake. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Mtoto aliigiza vizuri mpaka pale korongo anaporuka. Akakanyaga pindo, akaanguka kifudifudi, bawa likachanika. Watu walicheka, kama watu wanavyocheka mtoto akianguka. Mbazi akainuka, akalikusanya pindo kwa mikono miwili, akasema maneno yake yote mpaka mwisho. Kisha akaenda nyuma ya darasa, nasi wawili tukamfuata.

"Mbona hukuniambia kwamba halikutoshi?" Nasemba aliuliza.

"Nisamehe, mama. Nilidhani siku ikifika litakuwa limenitosha. Nimekuwa nikila sana."

"Ukila sana kwa nini?"

"Nifike alipokuwa dada." Mbazi aliinamisha kichwa. "Ulipokuwa ukilishona ulikuwa unacheka."

Nasemba alipiga magoti. Akakunja mkono mmoja wa vazi mpaka vidole vikatokeza, akakunja na wa pili. Kisha akamwinua mtoto kidevu, akamtazama kwa muda mrefu.

"Jino hili limeota lini?"

"Tangu kiangazi."

Hapo ndipo Nasemba alipolia, kilio tulichokisubiri karibu mwaka mzima. Alimlilia Nakundwa huku amemkumbatia Mbazi, akataja majina yote mawili, na safari hii hakuyachanganya.

Sitawadanganya kwamba huzuni iliisha. Vazi lile hakulipunguza, alilifua, akalihifadhi. Mwaka uliofuata alimwita Mbazi mlangoni, akampima upya kwa kamba. Mtoto alisimama wima, ametulia, maana hakuwepo wa kumsukuma. Nasemba alishona huku machozi yakimtoka, lakini vazi lilimtosha mwanawe.

Miaka ikapita. Jirani yetu, Mzee Kajiru, akafiwa na mwanawe wa kwanza. Siku ya matanga alimnyooshea kidole binti yake aliyebaki, akasema mbele ya watu, "Na huyu hafiki hata nusu ya kaka yake." Binti aliinama. Sote tulinyamaza, kwa sababu mfiwa hakemewi.

Nasemba, ambaye hakuwa na mazoea ya kusema mbele za watu, akamgeukia.

"Shemeji, usifanye nilivyofanya mimi," alisema taratibu. "Uliyemzika mlilie, hakuna atakayekuzuia. Lakini aliyebaki naye ana kimo chake."