Ufunguo wa Jamvi

Sogeeni karibu, na simu zenu mziweke chini kidogo. Najua mnazipenda, lakini hadithi ya leo imetoka humo humo ndani yake, na ukiisikiliza huku unaperuzi utaikosa nusu, kisha uje kunisumbua mimi.

Palikuwa na Jamvi. Si la ukindu. Jamvi hili lilikuwa programu ya kujengea tovuti, na liliitwa hivyo kwa sababu yeyote aliruhusiwa kulikalia. Shule iliyotaka tovuti yake, wafuga nyuki, kwaya ya usharika, fundi wa vitanda, wote walilichukua bure, wakapanga maneno na picha zao, watu wakawaona. Halikuwa na mwenyewe. Msimbo wake, yaani yale maandishi yanayoiambia kompyuta ifanye nini, ulikuwa wazi kwa kila mtu kuusoma na kuurekebisha. Waliolitunza walijiita wanajamvi, na wengi wao walijuana kwa sauti na maandishi tu, mpaka siku ya mkutano wao wa kila mwaka pale Morogoro.

Kati yao walikuwapo watatu, na ndio ninaotaka muwajue.

Nasra wa Tanga alijaliwa jicho. Tovuti ikichechemea kidogo, wengine wakasema ni mtandao tu, yeye alikuwa ameshajua tatizo liko wapi. Hakuandika msimbo mwingi. Kazi yake ilikuwa kutazama, na alitazama kama mama anayemtazama mtoto mwenye homa.

Mwakio wa Voi alijaliwa mkono. Umpe kitu kilichovunjika jioni, kesho akurudishie kizima, tena bila maneno. Ukimshukuru alikujibu, "Ni kitu kidogo hicho," hata kama kilikuwa kikubwa.

Na Tumpale wa Mbeya alijaliwa ulimi. Msinielewe vibaya, si ule wa umbea. Tumpale aliweza kumweleza katibu wa kwaya, mtu asiyetaka hata kuigusa kompyuta, mpaka katibu akacheka na kubonyeza mwenyewe. Wenye tovuti walimpigia yeye kwanza, hata kwa mambo yasiyomhusu.

Wanajamvi walikuwa na desturi mbili, na hizi mzishike, maana hadithi yote imening'inia hapo. Ya kwanza: kazi ya mtu haiingii kwenye Jamvi mpaka mwenzake aisome, na chini yake aandike neno moja, "Nimesoma." Ya pili: kila toleo jipya la Jamvi huitwa jina la mtu mmoja aliyelifaa zaidi, na huyo ndiye hushika ufunguo. Mwenye ufunguo ndiye anayesema hiki kiingie, hiki kisiingie. Si wawili, si kamati. Walishawahi kujaribu kamati, wakabaki kutumiana salamu.

Sasa, Mwakio alifiwa na mama yake.

Habari ilimkuta akitengeneza mlango mpya wa kuingilia kwenye tovuti, ili walimu wa shule moja waweze kuingia na kuandika kwa pamoja. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa na alishawaahidi. Gari la kumpeleka nyumbani Taita lilikuwa limesimama nje, ndugu zake wanamwita, naye hakutaka kuondoka na ahadi ya watu mfukoni. Akamalizia haraka, akatuma, akaenda kumzika mama.

Kazi ile ilimfikia Tumpale aisome. Kwa kawaida Tumpale alikuwa na maswali, tena mengi. Safari hii alifungua, akaona jina la Mwakio, akakumbuka msiba. Akajiambia, huyu mtu yuko njiani kwenda kumzika mzazi, mimi nimtumie maswali? Na tangu lini Mwakio akakosea? Akaandika, "Nimesoma. Pole sana, kaka yangu." Alikuwa amesoma kichwa cha habari tu. Mama Eliakunda, aliyekuwa na ufunguo wakati huo, aliliona lile neno, akafungua, kazi ikaingia.

Mlango ulikuwa na kasoro. Uliwafungulia walimu, na ukamfungulia pia yeyote aliyejua kusukuma mahali fulani.

Nasra aliona. Kwenye kona ya tovuti ya kwaya moja palitokea maneno ya ajabu ajabu, akayafuata mpaka mlangoni, akajua ni mlango wa nani. Akapiga simu Taita. Nyuma ya sauti ya Mwakio alisikia watu wanaimba na mtu analia.

"Nasra," Mwakio akasema, "umekumbuka kunipa pole. Mungu akubariki, dada."

Ungekuwa wewe ungesema nini? Nasra alisema, "Pole sana, kaka. Tutazungumza matanga yakiisha." Akakata simu. Angeweza kumweleza Mama Eliakunda. Lakini kufanya hivyo ni kumwanika mfiwa mbele ya wanajamvi wote, naye bado yuko chini kwenye mkeka. Akaona bora asubiri.

Ni katika kusubiri huko ndipo mtu asiyejulikana alipoingia kwa mlango ule akafika kwenye tovuti ya Mwalimu Shemdoe.

Mwalimu Shemdoe ni mstaafu wa Lushoto. Kwa miaka mingi alizunguka na simu yake akirekodi wazee wa kwao wakizungumza Kishambaa: majina ya mboga za porini, nyimbo za kulimia, jinsi ya kumsalimu mkwe. Wengi wa wazee wale wameshafariki. Sauti hizo zote aliziweka kwenye tovuti yake, na humo ilikuwamo sauti ya marehemu mkewe, Bi Zaina, akisimulia alivyovushwa mto siku ya harusi yake na kiatu kimoja kikaenda na maji. Katikati ya maneno Bi Zaina anacheka, anashindwa kuendelea, anaomba radhi, anacheka tena. Mwalimu akikaa kunywa chai, huisikiliza. Simu aliyorekodia iliharibika zamani. Aliwahi kumuuliza Tumpale kama aziweke sauti zile na mahali pengine, Tumpale akamjibu kwa ule ulimi wake mtamu, "Mwalimu, ziache Jamvini, hapa hazipotei."

Zikafutwa zote. Hata nakala zilizokuwa zikitunzwa humo humo zikafutwa.

Nasra alipoliona hilo hakusubiri tena. Akapiga simu Taita, na safari hii hakutoa pole. "Kaka, mlango wako uko wazi. Mtu ameingia." Lau si jicho lake, hakuna mwingine ambaye angejua tatizo linatoka wapi. Tovuti zingeendelea kufutwa moja baada ya nyingine, na watu wangelaumu mtandao.

Mwakio aliinuka kutoka kwa wafiwa, akaazima kompyuta kwa binamu yake, akakaa nyuma ya nyumba karibu na masufuria ya matanga. Hapo hapo akautengeneza mlango upya, safari hii Nasra akausoma mstari kwa mstari, Mama Eliakunda akafungua. Lau si mkono wake, wangejua ugonjwa na wasiwe na dawa. Wengine walijaribu, na kila walipoziba huku palifunguka kule.

Lakini dawa iliyokaa kwenye kopo haimponyi mtu. Kila mwenye tovuti ilibidi aikubali mwenyewe kwa kubonyeza, na wengi wao hawabonyezi kitu wasichokielewa, hasa siku watu wanapowaambia kuna wezi. Tumpale akashika simu. Akampigia katibu wa kwaya, akampigia fundi wa vitanda, akawapigia walimu, kila mmoja kwa lugha yake na utani wake, mpaka sauti ikakauka na chai ya tangawizi isimsaidie. Lau si ulimi wake, dawa ingebaki kwenye kopo.

Jamvi likapona, na tovuti zote zikapona, ila ya Mwalimu Shemdoe.

Ukaja mkutano wa Morogoro. Toleo lililobeba mlango ule mpya lilikuwa tayari kupewa jina, na Mama Eliakunda akauweka ufunguo mezani, kwa maneno tu. "Zamu yangu imekwisha," alisema. "Na mimi nilifungua kwa kuliamini neno. Nipeni jina la mtu mmoja."

Ukumbi ukagawanyika. Waliomtaka Nasra walisema asiyeona hawezi kulinda. Waliomtaka Mwakio wakauliza, sasa mtampa ufunguo mtu asiyejua kutengeneza kitasa? Waliomtaka Tumpale wakasema Jamvi ni watu, na watu ni wa Tumpale. Kisha yakaanza yale mengine, kwa sauti za chini. Kwani mlango mbovu ulijengwa na nani? Nani aliandika amesoma na hakusoma? Nani aliona akanyamaza?

Wale watatu walisikia. Mwakio akasimama. "Mimi siustahili. Mpeni Tumpale, yeye ndiye aliyewafikia watu."

"Mimi?" Tumpale akasema. "Ningesoma siku ile, tusingekuwa hapa. Apewe Nasra."

Nasra akatikisa kichwa. "Niliona, nikakaa kimya. Mpeni Mwakio. Mwenzetu aliacha msiba wa mama yake."

Wakarudia tena, kila mmoja akimsukumia mwenzake, kwa heshima na upendo wa kweli, na ukumbi mzima ukaguswa. Wengine walifuta machozi. Mimi ningewafinya.

Akasimama mtu nyuma. Ni Mwalimu Shemdoe, amekuja kwa basi kutoka Lushoto, hakuna aliyemwalika. Wote wakamwamkia. Tumpale ndiye aliyemwamkia kwa sauti ya chini kuliko wote.

"Marahaba," Mwalimu akajibu. "Sikuja kudai, wanangu. Kilichopotea kimepotea, na mke wangu alishaniacha kabla ya hapo. Nimekuja kuwatazama tu niliokuwa nawasikia kwenye simu. Nyinyi ni watu wema sana. Huyu hakutaka kumsumbua mfiwa, yule hakutaka kumwaibisha mfiwa, na mfiwa mwenyewe hakutaka kuvunja ahadi. Kwa wema huo Zaina wangu amenyamaza. Leo nawaona mmesimama mlangoni tena, huyu anasema tangulia, huyu anasema hapana, tangulia wewe. Na mlango uko wazi."

Akakaa, akaomba chai.

Mwaka ule wanajamvi waliondoka Morogoro bila jina. Mpaka leo toleo lile halina jina, na ufunguo hauna mtu. Watatu wale bado wanasalimiana, lakini zile simu ndefu za zamani zimekwisha. Na juzi, nasikia, Nasra ameona kitu kingine kidogo kwenye kona ya tovuti moja. Safari hii amesema mapema. Mwakio ameshatengeneza dawa, Tumpale ameshasoma kila mstari na simu iko mkononi mwake. Mama Eliakunda anasema hatafungua, kwa kuwa si zamu yake. Dawa iko mlangoni inasubiri mtu wa kusema iingie.

Haya, nyinyi mlioketi hapa. Ufunguo ni mmoja. Msiniambie wapewe wote watatu, hiyo ni kamati, nayo walishaijaribu na haikumsaidia mtu. Msiniambie asipewe yeyote, maana hivyo ndivyo ilivyo sasa hivi tunapozungumza. Yuko aliyeona akachelewa kusema, yuko aliyetengeneza baada ya kuharibu, na yuko aliyewafikia watu wote baada ya kutosoma. Mngempa nani? Na huyo mtakayempa, mngemwambia nini Mwalimu Shemdoe akikaa kunywa chai yake?