Bi Sikudhani na Zimwi la Mkaa Mwekundu

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa jiko, pakawa mkaa, pakawa mlango uliofungwa.

Nani aliyeufunga?

Tuambie wewe, sisi hatukuwepo!

Basi sogeeni. Na anayesinzia akasinzie kwao, maana leo nasimulia habari za usingizi mbaya.

Hapo zamani za kale, katika mji mmoja wa mlimani ambako ukungu huamka kabla ya watu, aliishi mama mmoja mtu mzima, jina lake Bi Sikudhani. Alikuwa mfupi, mnene, na ulimi wake ulikuwa mrefu kuliko yeye. Mwanawe alikuwa safarini akiuza kahawa. Nyumbani alibaki na mkwewe, Siwatu, na kuku mtetea aliyeatamia mayai chini ya kitanda.

Mwaka uliotangulia, Siwatu alijifungua mtoto wa kiume. Masika ile ilikuwa na baridi ya kung'ata. Siku ya tisa alitoka kidogo uani kuoga, na aliporudi chumbani mtoto hakuamka. Watu wa mji wakasema, "Ni zimwi hilo. Limepita kwenye nyufa." Bi Sikudhani alilia mpaka sauti ikamkauka, kisha akaapa, "Zimwi halitaingia tena nyumbani kwangu. Nitaziba hata tundu la sisimizi!"

Sasa Siwatu alikuwa amejifungua tena, mtoto wa kike, na masika imerudi na baridi yake.

Desturi ya mji ule ilikuwa hivi: mzazi hapigwi na baridi, wala havuki kizingiti, ila kwenda kuoga, mpaka siku arobaini zitimie. Huwekewa jiko la mkaa chumbani apate joto la mgongo. Na kwa jiko, Bi Sikudhani hakuwa na mpinzani. Aliliwasha uani, akalipepea, akangoja moshi wote uishe na mkaa uwe mwekundu. Hapo ndipo alipoliingiza ndani.

"Mkaa uliokolea hauna moshi," alisema. "Na usio na moshi hauna neno."

Hapo ndipo alipokosea, lakini msimwambie, hatawasikia.

Siku ya kumi, mvua ikanyesha. Bi Sikudhani akaingiza jiko, akafunga dirisha, akalipigilia mbao mbili.

Siwatu akasema, "Mama, kichwa kinanigonga."

"Ndio uzazi huo, mwanangu. Lala."

Kuku naye akatoa shingo chini ya kitanda. "Bibi, bibi, fungua dirisha! Hewa ya humu imechoka."

"Nyamaza! Kuku anajua nini habari za uzazi?"

Siku ya kumi na moja, mvua ikazidi. Bi Sikudhani akaingiza jiko, akaongeza mkaa, akachana kanga kuukuu na kuziba nyufa zote za ukuta.

Siwatu akasema, "Mama, kichwa kinanigonga, na moyo unanichafuka."

"Ndio uzazi huo, mwanangu. Lala."

"Bibi, bibi," akalia kuku, "fungua dirisha! Hewa ya humu imechoka."

"Sema tena neno moja nikutie chunguni!"

Siku ya kumi na mbili, mvua ikamwagika, mchana ukawa mweusi. Bi Sikudhani akaingiza jiko, akajaza mkaa mpaka ukingoni, akafunga mlango, akakunja mkeka na kuubana chini ya mlango. Kisha akaketi kulinda, mikono magotini, akingoja Siwatu aseme neno. Siwatu hakusema kitu.

Akangoja kuku alalamike. Kuku alikuwa amelala ubavu, miguu imenyooka.

Bi Sikudhani akataka kusimama. Miguu ikakataa. Kichwa kikamzunguka, na juu ya ukingo wa jiko akaona kitu kimeketi. Hakikuwa na rangi, ila mkaa uliokuwa nyuma yake ulikuwa ukitetema.

"Karibu mwenye nyumba," kikasema, kwa sauti laini ya mtu aliyeshiba. "Mimi ndilo zimwi."

"Umepita wapi?" akauliza Bi Sikudhani. "Nimeziba dirisha, nimeziba nyufa, nimeziba mlango!"

"Umeziba vizuri, nami nashukuru. Sikupita popote. Nimezaliwa humu humu, jikoni mwako. Moshi ni kaka yangu, yule mwenye makelele, anayewachoma watu macho wakamkimbia. Mimi mdogo wake sina rangi, sina harufu, sina kelele. Wewe ulimtoa kaka yangu nje, ukaniingiza mimi. Ulinipepea kwa mkono wako, kisha ukanifungia mlango nisipotee."

Bi Sikudhani akalikumbuka jiko aliloliingiza mwaka uliotangulia. "Na yule wa kwanza? Mjukuu wangu wa mwaka jana?"

"Naye ulinipa mwenyewe."

Wenzangu, machozi yalimtoka mama yule! Lakini hakuyafuta. Aliyaacha yatiririke, akauliza kwa ukali, "Waogopa panga?"

"Siogopi panga. Litakata nini?"

"Waogopa mbwa?"

"Siogopi mbwa. Atanusa nini?"

"Waogopa mganga?"

"Siogopi mganga. Namngoja naye aote moto."

"Na upepo je?"

Zimwi likageuka. Likatazama dirisha, likatazama mlango, likajifanya halikusikia.

"Ahaa!" akasema Bi Sikudhani.

Miguu ilikuwa imekataa, basi akatambaa. Zimwi likamwimbia, "Pumzika, mama, lala kidogo." Akatambaa. "Mzazi havuki kizingiti, mama, watu watakucheka." Akatambaa. "Nje kuna mvua, mama, nje kuna baridi." Akaufikia mkeka, akauchomoa, akausukuma mlango kwa kichwa. Upepo ukamvamia usoni. Akavuta pumzi moja, mbili, tatu, na miguu ikakumbuka kazi yake.

Akarudi ndani pumzi ameibana. Akamchukua mtoto, akamlaza barazani. Akarudi tena, akamshika Siwatu kwapani, akamburuta, akamvusha kizingiti hadi uani. Mara ya tatu akarudi na mchi wa kutwangia, akalisukuma jiko nje mpaka likapindukia kwenye dimbwi, chwaaa! Kisha akaligeukia dirisha lake mwenyewe. Pu! Ubao wa kwanza. Pu! Ubao wa pili. Pu! Dirisha zima likaenda zake na fremu yake.

Jirani yake, Bi Mashavu, akachungulia juu ya ua. "Sikudhani! Umepagawa? Mzazi nje mvuani, na siku kumi na mbili tu! Aibu gani hii?"

"Aibu nitaivaa mimi. Wewe lete nguo kavu!"

Mtoto alikuwa kimya. Bi Sikudhani akamsugua mgongo. Kimya. Akampuliza usoni. Kimya. Akampakata kifuani, uso wake ukielekea upepo, akasema, "Mjukuu wangu, zimwi huyu hatakuchukua. Nilimpa mmoja bila kujua, wa pili simpi!" Mtoto akapiga chafya, akafungua kinywa, akalia kilio cha kuamsha mtaa wa tatu. Nawaambieni, hakuna aliyewahi kufurahia kilio namna ile.

Siwatu akafumbua macho. "Mama," akasema, "mbona nimelowa?"

Bi Sikudhani akacheka na kulia kwa pamoja, na Bi Mashavu, aliyekuja mbio na nguo, akashindwa kujua ajibu kipi.

Mwisho akatoka kuku, anayumba. "Nilikwambia mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Ningekwambia na ya tatu, ila ulikuwa umeshanizimisha."

Siwatu akalazwa chumba cha mbele, chenye madirisha mawili. Na joto la mgongo? Hakulikosa. Bi Sikudhani alipasha mawe uani, akayafunga kwenye kitambaa, akamwekea. Akamwogesha maji ya moto, akamfunika mablanketi. Jiko lenyewe likawa la kulala nje.

Asubuhi yake akajifunga kibwebwe, akapita nyumba kwa nyumba. Angeweza kunyamaza. Watu walikuwa wameshalilaumu zimwi la kwenye nyufa, na hakuna aliyemshuku yeye. Lakini alisimama kila mlango akasema, "Mimi ndiye niliyeliingiza, nikalifungia ndani. Msifanye nilivyofanya mimi. Jiko likae nje, na atakayeumwa kichwa atolewe nje kwanza, maswali baadaye."

Zimwi nalo likapita nyumba kwa nyumba likitafuta pa kuzaliwa. Nyumba ya kwanza, jiko liko uani. Nyumba ya pili, jiko liko uani. Nyumba ya tatu ni ya Bi Mashavu, na huko likakuta jiko jekundu ndani na mlango umefungwa, maana Bi Mashavu alisema hafundishwi kuota moto na mtu. Zimwi likaketi, likaanza kuimba. Mara, pu! Mchi ukapita dirishani, na nyuma yake sauti ya Bi Sikudhani, aliyebisha asiitikiwe: "Mashavu! Toka nje, mwenzangu, dirisha nitakununulia!" Upepo ukaingia, ukalikamata zimwi, ukalitawanya mlimani, na mji ule haukulisikia tena.

Siku ya arobaini ilipotimia, ngoma ikapigwa, pilau ikapikwa. Wakachinja jogoo, mtetea hakuguswa. Kabla ya chakula, Bi Sikudhani alimchukua mtoto na Siwatu, wakaenda kwenye kaburi dogo nyuma ya migomba. Akapiga magoti. "Nisamehe, mjukuu wangu. Sikujua. Sasa najua, na mji mzima unajua."

Siwatu akamshika mkono, akamwinua. "Mama," akasema, "nimekusamehe na mimi." Wakarudi wameshikana, na vigelegele vilivyowapokea vilisikika mpaka bondeni.

Wenzangu, fundisho ndilo hilo: moto unaouona kuwa mtulivu, usiufungie mlango ukalala nao. Moshi ukiisha, hatari haijaisha.

Nami nimefika nilikokuwa nakwenda. Iliyowanogea ichukueni, iliyowachosha niachieni nikalalie. Na wewe hapo nyuma unayetetemeka, omba blanketi. Jiko hulipati.