Nungunungu Aliyegongagonga Tikiti

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo pakawa gani, ya wagonjwa? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Kwanza mnisamehe. Hadithi hii huiharibu kila nikiisimulia. Mke wangu husema, "Baba watoto, wewe hadithi unaitoa roho kabla haijaanza." Lakini nyinyi mmekwisha kaa, mimi nimekwisha simama, tutafanyaje?

Hapo zamani za kale, kiangazi kikiwaka hadi vivuli vinatafuta kivuli, alikuwako Nungunungu. Alikuwa na mke. Alikuwa na watoto wawili, Sindano na Pini. Alikuwa na bustani, na bustanini alikuwa na tikiti. Tikiti! Sindano akisimama upande huu na Pini upande ule, hawaonani!

Tikiti hilo alimlimia mama mkwe wake, Bibi Shazia, aje alile kiangazi hiki. Kiangazi kilichopita Bibi alikuja, wakaketi wote bustanini, Nungunungu akapasua tikiti kwa mbwembwe: pwaa! Ndani jeupe pee. Bibi akatafuna, akatafuna, akauliza mbele ya watu, "Mkwe, hili umelilima au umelifua?"

Ndege walicheka wakaanguka mitini. Nungunungu akaapa: mwaka huu hapasui kitu mpaka asikie kimeiva.

Asikie? Ndiyo, tikiti hugongwa! Likisema ti-ti-ti, ni bichi. Likisema bu-bu-bu, limeiva.

Basi asubuhi akaenda bustanini. Akalikumbatia tikiti, akabandika sikio, akafumba macho. Chwi! Akagonga. Ti-ti-ti. "Bado!"

Mchana akarudi. Akakumbatia. Chwi! Ti-ti-ti. "Bado!"

Hiyo chwi ni nini? Yeye hakuuliza, nanyi tulieni.

"Baba, tule!" akalia Sindano.

"Bado!"

"Hata kipande?" akalia Pini. "Basi lile dogo, kule majanini?"

"Dogo la nini? Mnataka Bibi anifue tena?"

Siku ya saba akagonga. Bu-bu-bu!

"Limeivaaa!" Nungunungu akaruka, akacheza, akaanguka, akacheza hapo hapo chini.

"Haya, baba Sindano, tupasue," akasema mkewe.

"Ngoja kwanza nihakikishe."

Akahakikisha jioni. Chwi! Bu-bu-bu! Akahakikisha kesho yake. Chwi! BU-BU-BU! Keshokutwa yake likalia kama ngoma ya harusi. Moyo wake ukajaa. Hakuna tikiti lililowahi kuiva hivi!

Kitu kimoja tu kilimshangaza. Kila akitoka bustanini, sisimizi walikuwa wamepanga mstari, wanene, wanang'aa.

"Shikamoo, mfadhili!"

"Marahaba, wanangu."

"Ahsante kwa jana, mzee!"

"Haya, haya," akajibu, akawaza: watoto hawa wamelelewa vizuri.

Siku ikafika. Bibi Shazia huyo! Watoto wakamrukia, oyee!

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe. Leo umelima au umefua?"

"Leo utaniomba radhi!" Akaenda kulibeba tikiti. Akalinyanyua kwa mkono mmoja. "Mnaona? Limeiva mpaka limekuwa jepesi!"

Akalipasua. Kwapu!

Ndani, hewa. Hewa tupu, na sisimizi mmoja amelala chali, tumbo juu.

"Shikamoo, mfadhili," akasema sisimizi. "Lilikuwa tamu."

Kisha Nungunungu akanguruma, "Nani kalitoboa tikiti langu? Mwizi! Nileteeni mwizi!"

Bibi Shazia akachukua nusu ya ganda, akaliinua juani. Mwanga ukapita kwenye matundu, chekeche tupu. Akayatazama matundu. Akamtazama mkwewe.

"Mkwe, hebu geuka."

Akageuka. Bibi akampachika ganda kisogoni. Kila mwiba ukaingia kwenye tundu lake. Chwi!

"Limekuenea," akasema Bibi. "Mwizi tumempata."

Nungunungu akatamani ardhi immeze, lakini na kofia ile angekwama njiani.

Pini akachomoka mbio majanini, akarudi na lile dogo. Bibi akaligonga mara moja. Bu. Hakugonga tena. Pwaa! Jekundu! Wakala kwa mikono, maji yakawatiririka mpaka viwikoni. Wakatema mbegu, pu! pu! pu! Ya nani imefika mbali? Ya Bibi! Sindano akadai Bibi ameiba hatua mbili, na kweli aliiba. Nungunungu akacheka mpaka ganda likatikisika kichwani. Halikutoka siku tatu.

Funzo ni hili: kitu kizuri kikiiva, kaeni na watu wenu mkile. Ukizidi kukikagua, utakimaliza mwenyewe wala hutakionja.

Hadithi yangu imekomea hapo, limebaki ganda. Na kama mmeiona haina maji, msiwasingizie sisimizi. Tangu asubuhi nilikuwa nimeikumbatia, naigongagonga.